Simu yako ikichukuliwa, nani ataisoma?



Hebu toa simu yako mfukoni uitazame kama si yako.

Tuseme wewe ni kijana wa Kisauni. Umepanda basi la asubuhi kwenda kutazama mashindano ya mashua Lamu. Mmefika kizuizi cha Minjila, abiria wote chini, vitambulisho mkononi. Askari anakutazama, anatazama kitambulisho, anasoma jina, anakutazama tena. "Wewe, nipe simu."

Ndani mna nini? Kuna picha arubaini za meli zikiingia bandarini, umezipiga ukiwa Likoni, kwa sababu unapenda picha na magharibi pale mwanga ni mzuri. Kuna picha ya daraja la Garissa, kwa sababu mwaka jana ulikwenda harusi ya binamu yako na mto ulikuwa umefurika. Kuna alama za GPS kumi na kitu huko Kiwayu, kwa sababu mjomba ni mvuvi na kila mwamba wenye tewa anakwambia wewe uuhifadhi, simu yake yeye ni mulika mwizi. Kuna namba tatu za +252, shangazi kaolewa Kismayu. Kuna grupu la timu ya mtaa, na ujumbe wako wa Ijumaa iliyopita: "Kesho tunawamaliza, hatuachi mtu." Na kuna video moja mbaya sana, iliyotumwa na mtu usiyemjua kwenye grupu la watu mia nne, ambayo wewe wallahi hujawahi hata kuifungua.

Hayo ndiyo maisha yako: safari, mpira, uvuvi, picha, familia. Lakini akiyasoma mtu ambaye tayari ameamua wewe ni nani, yanageuka faili la kesi. Picha za meli zinaitwa upelelezi wa bandari. Shangazi anaitwa mawasiliano ya nje.

(Ibn Battuta alipita Mogadishu, kisha Mombasa, kisha Kilwa mwaka 1331, na baadaye akasimulia alichokiona: bandari, misikiti, masultani, chakula. Mshukuru Mungu hakukuwa na kizuizi.)

Leo hatutaki kuandika tena juu ya unyanyasaji kwenye vizuizi. Tumeandika mara nyingi na tutaandika tena, inshaallah. Leo tunauliza swali ambalo hatujiulizi: simu hiyo ikishafika maabara, na ripoti ikishafika mahakamani, upande wetu nani anaweza kuisoma ile ripoti na kusema, "Mheshimiwa, hapa pana kosa"?

Wanasheria tunao, alhamdulillahi, na wengine wanasimama bila malipo. Lakini wakili hakusomea kompyuta. Akiwekewa mbele yake kurasa mia tatu zilizotolewa na programu ya kuchambua simu, mara nyingi atabishana juu ya sahihi na tarehe, halafu atakaa. Anayetakiwa pale ni mtaalamu wa uchunguzi wa kidijitali, ile kazi inayoitwa forensiki ya kompyuta. Na vijana wetu walio ndani ya kazi hiyo ni wachache mno.

Kuna kisa kila kijana Muislamu anafaa kukijua. Machi 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za Madrid, wakauawa watu zaidi ya 190. Polisi wa Uhispania walipata mfuko wa plastiki wenye viwashio vya mabomu, na kwenye mfuko alama ya kidole. Wakaisambaza. Huko Marekani, FBI wakaiingiza kwenye kompyuta, kompyuta ikatoa orodha ya majina yanayokaribiana, na wataalamu wao wakamchagua mmoja: Brandon Mayfield, wakili wa Oregon. Alikuwa amesilimu na mke wake ni Mmisri. FBI wakasema alama inalingana asilimia 100.

Sasa sikiliza. Mayfield hakuwa amesafiri nje miaka mingi, pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda. Mtu mwenye akili ya kawaida angesema, basi si yeye. Lakini waliokuwa wameshaamua walisema huenda alisafiri kwa jina la uongo. Walipopekua nyumba yake walibeba karatasi zilizoandikwa Kihispania. Zilikuwa kazi za shule za watoto wake. Katikati ya Aprili Wahispania walikuwa wameshasema alama hailingani. Bado Mei 6 akakamatwa. Mei 19 polisi wa Uhispania wakatangaza kwamba alama ni ya mtu mwingine, raia wa Algeria, na siku ya pili yake Mayfield akaachiwa. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ikamwomba msamaha na kumlipa dola milioni 2.

Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Haki ya nchi hiyo alichunguza lile kosa. Alisema dini ya Mayfield siyo iliyosababisha alama yake kuchaguliwa mara ya kwanza, kwani wakati huo wataalamu hawakujua ni Muislamu. Lakini baadaye, walipojua, huenda hiyo ilichangia wao kukataa kuangalia upya. Soma sentensi hiyo tena. Kompyuta haikumbagua. Waliokuwa wakiisoma ndio walioshindwa kurudi nyuma. Na aliyemwokoa si mhubiri wala mwandamanaji, ni mchunguzi mwingine, wa nchi nyingine, aliyeichukua alama ileile akaiangalia kwa makini.

Turudi kwenye simu yako.

Watu wengi wanadhani forensiki ni kufungua simu na kusoma meseji. Hapana. Kusoma meseji hata mdogo wako anasoma. Kazi yenyewe ni kujua kitu kilifikaje pale, lini, na kwa mkono wa nani. Ile video mbaya ya grupu, kwa mfano. WhatsApp inaweza kupakua picha na video yenyewe bila wewe kugusa, ni mpangilio tu wa simu. Kwenye Android, ulichopokea na ulichotuma havikai folda moja, ulichotuma kina folda yake. Mchunguzi mwenye insafu ataangalia: ilipokelewa au ilitumwa? Grupu lina watu wangapi na nani aliituma? Kuna dalili yoyote kwamba ilichezwa, ilihifadhiwa kando, ilisambazwa? Mchunguzi mvivu ataandika mstari mmoja: "Video ya kigaidi imepatikana kwenye simu ya mshukiwa." Mistari yote miwili inaweza kuwa kweli. Mmoja unakupeleka jela.

Au chukua wakati. Hili ni dogo lakini linaangamiza watu. Programu nyingi huhifadhi saa kwa UTC, ile saa ya dunia, na sisi Kenya tuko mbele yake kwa saa tatu. Umetuma ujumbe saa saba na nusu usiku, tarehe 15, mkitoka kuhudumia harusi: "Tumemaliza, tuko njiani." Kwenye hifadhidata ujumbe huo umeandikwa 22:30, tarehe 14. Asiyekuwa makini akinakili hivyohivyo bila kubadilisha, wewe umeandika "tumemaliza" saa nne na nusu usiku, siku iliyotangulia. Na kama siku hiyo saa nne kulitokea shambulizi mahali, kwisha habari yako. Saa tatu tu, ndugu zangu.

Halafu kuna suala la amana. Mchunguzi wa kweli haanzi kwa kupekuapekua simu au kompyuta yenyewe. Kwanza anaikata na mtandao, simu huwekwa kwenye mfuko maalum usiopitisha mawimbi. Diski ya kompyuta inaunganishwa kupitia kifaa kinachozuia chochote kuandikwa juu yake. Anatoa nakala kamili, kisha anapiga hesabu inayoitwa heshi. SHA-256 hutoa herufi na tarakimu 64, na ukibadilisha hata nukta moja ndani ya faili, jibu linakuwa jingine kabisa. Ni kama lakiri ya bahasha. Wakili akiuliza, "Heshi ilipigwa lini? Mbele ya nani? Ya leo inalingana na ya siku ile?" na jibu likawa kimya, kesi imeanza kuyumba.

Usidhani tunazungumza ndoto. Mei 2025 watengenezaji filamu hapa Nairobi walikamatwa na vifaa vyao vikachukuliwa. Waliporudishiwa Julai, simu zilipelekwa kwa watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto, ambao waligundua kwamba programu ya ujasusi iitwayo FlexiSPY iliwekwa wakati simu ziko mikononi mwa polisi. Bila mtu mwenye ujuzi wa kuangalia, wale vijana wangeendelea kutembea na simu zao wakisema alhamdulillahi tumerudishiwa.

Huko India hali ilikuwa mbaya zaidi. Rona Wilson, mtetezi wa haki za wafungwa, alichukuliwa kompyuta yake Aprili 2018 na kukamatwa Juni. Ushahidi ulikuwa barua zilizokutwa ndani ya kompyuta hiyo. Februari 2021 kampuni ya uchunguzi ya Marekani, Arsenal Consulting, ikatoa ripoti: mdukuzi alikuwa ameingia kwenye kompyuta hiyo muda mrefu kabla, na zile barua alizipandikiza yeye, kwenye folda iliyofichwa. Hata hivyo Wilson alipata dhamana Januari 2025 tu. Zaidi ya miaka sita rumande. Ukweli ulikuwepo ndani ya diski ileile waliyoitumia kumshtaki, ulikuwa unangoja msomaji.

Sheria yetu ya Kenya si mbaya kama tunavyodhani. Kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki ije na cheti, kinachoeleza ilivyotolewa na kifaa kilichotumika, na kutiwa sahihi na mtu mwenye dhamana juu ya kifaa hicho. Kifungu 78A kinaitaka mahakama ipime kama njia iliyotumika kuutunza ushahidi inaaminika. Katiba, Kifungu 31, inalinda faragha yako, na Kifungu 50(4) kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki uondolewe ikiwa kuuweka kutaharibu haki ya kesi. Silaha zote hizi ziko mezani. Lakini cheti cha 106B kinaweza kuwa na sahihi safi na bado maelezo yake yakawa upuuzi, na upuuzi huo anauona anayejua kazi tu.

Sasa mbona hatuendi huko?

Tuseme ukweli, sababu moja ni sisi wenyewe. Kijana akisema nyumbani anataka kusomea uchunguzi wa kompyuta, la kwanza anaulizwa: "Unataka kuwa kachero?" Msikitini anaanza kutazamwa kwa pembe. Tunaelewa hofu hiyo inatoka wapi, kuna nyumba ambazo watu wao walichukuliwa na hawajarudi mpaka leo, na hatutamwambia mama yao asiogope. Lakini matokeo yake ni kwamba tumeiacha kazi yote upande mmoja. Maabara ya DCI pale Kiambu Road ina wataalamu na vyombo. Familia ya mshukiwa kutoka Bondeni ina wakili na dua.

Na dada zetu, hili ni lenu zaidi. Simu ya msichana ina picha zake za nyumbani bila hijabu, za harusi za wanawake, za mama yake. Ikichukuliwa, anayeipekua ni nani? Mara nyingi ni mwanamume, na si mmoja. Kuna dada ambaye afadhali asilalamike hata ameonewa vipi, kuliko simu yake ipite mikono ya wanaume sita kama ushahidi. Au mume anampiga, vitisho vyote viko kwenye simu, na anavifuta kwa aibu ya kumwonyesha mtu. Mchunguzi wa kike, Muislamu, anayejua nini afungue na nini asikiguse, angekuwa msaada mkubwa kuliko mihadhara mingi.

Sababu ya pili ndiyo inachekesha. Vijana wanatwambia: "Mimi siwezi kazi ya kukaa kwenye chumba cha giza, mimi ni mtu wa safari, mimi bila mpira naumwa." Ni filamu hizo bana. Kwanza, kazi hii ni ya safari. Mahakama ya Kahawa wiki hii, Shanzu wiki ijayo, Garissa mwezi unaofuata. Utalala kwenye basi umekumbatia begi lenye diski kama mama aliyebeba mtoto. Utakaa kwenye benchi la mahakama kuanzia saa mbili, na saa sita uambiwe kesi imeahirishwa, urudi baada ya miezi miwili. Anayependa safari na hana haraka ataiweza kuliko mtu wa kukaa.

Pili, hizo burudani zako ndizo elimu ambayo maabara haina. Aliyekulia kwenye grupu la mpira haambiwi na mtu "tunawamaliza" maana yake ni nini. Aliyewahi kulala baharini na mishipi anajua kwa nini mvuvi ana alama za GPS karibu na mpaka na kwa nini zimewekwa usiku. Mpenda picha ataona mara moja kwamba picha arubaini za meli zimepigwa na mtu anayehangaikia mwanga, maana zote ni za saa kumi na mbili na nusu ya zote ni meli ileile. Msafiri anajua basi la Garissa linasimama wapi, kwa hivyo anajua kwa nini simu ilizimika hapo nusu saa. Hilo ni jambo la kusema mahakamani, kwa ushahidi, si kwa hisia.

Tatu, usizitupe burudani zako ukishaingia. Watu wa kazi hii huangalia mambo mazito: mauaji yaliyorekodiwa, watoto waliodhulumiwa. Huangalii mara moja ukageuza uso, unaangalia tena na tena mpaka ujue sekunde ipi ni ipi. Mtu asiye na baiskeli yake, asiye na bao lake barazani baada ya Isha, asiye na safari ya kwenda kuvuta hewa Taita au kuogelea na wanawe, huyo atavunjika. Tunamwambia kijana mapema ili asije akafikiri mpira wa Jumapili ni kupoteza wakati.

Kuna jambo moja hatutalizunguka. Ukiingia kazi hii ukiwa na nia ya kuwatoa "watu wetu" tu, kaa nyumbani. Siku moja utafungua simu ya kijana wa mtaani kwako, uliyeswali naye safu moja, na utakuta ni kweli alifanya. Hapo utaandika nini? Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kudhuru watu kwa ujinga, na An-Nisaa, aya ya 135, inatutaka kusimamia uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Hatuwezi kuitumia ya kwanza kumpinga polisi kisha tuifiche ya pili. Mchunguzi anayedanganya kwa ajili yetu mara moja, ushahidi wake wa kweli mara kumi zinazofuata hautaaminika. Na waliouawa katika mashambulizi nao wana haki, wengi wao walikuwa majirani zetu.

Kuanza si ghali kama unavyodhani. Autopsy ni programu ya bure ya kuchambua diski, inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Taasisi ya NIST ya Marekani imeweka mtandaoni nakala za diski za mazoezi, bure, pamoja na maswali ya kujibu. Chukua moja, jifungie wikendi mbili, ona kama inakushika. Ikikushika, kuna vyuo hapa nchini vinavyofundisha, KCA wana shahada ya usalama wa habari na forensiki. Jizoeze pia kuandika, kwa sababu ripoti isiyoeleweka na hakimu ni sawa na ripoti isiyoandikwa. Na tafadhali, zoezi ni kwenye diski ya mazoezi au simu yako mwenyewe. Kupekua simu ya mchumba wako si forensiki. Ni kosa kwa sheria, na kuchunguzana kumekatazwa kwenye sura hiyohiyo ya Al-Hujurat.

Kwa wengine wote, mambo machache ya leo. Bonyeza *#06# uandike namba ya IMEI ya simu yako kwenye karatasi, uiache nyumbani. Nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime upakuaji wa moja kwa moja, na ukiwa umetiwa kwenye grupu usilolijua, toka. Simu ikichukuliwa, dai orodha iliyoandikwa: aina, IMEI, saa na tarehe, jina na namba ya afisa, sahihi. Omba kuzungumza na wakili kabla ya kutoa nywila, ni haki yako chini ya Kifungu 49, na kunyamaza pia ni haki yako. Usianze kufuta vitu ukiona kizuizi mbele. Kufuta kunaacha alama, na alama ya kufuta inasomeka vibaya kuliko kile ulichofuta. Ukirudishiwa simu, usiitumie kwanza. Tupigie.

Na kama wewe tayari uko kwenye kazi hii, kwenye benki, kampuni ya simu au hata serikalini, na uko tayari kutoa siku moja kwa mwezi kusoma ripoti pamoja na mawakili wetu, tuandikie ujumbe wa faragha. Jina lako hatutalitoa. Dada mtangulie, tafadhali.

Wewe wa Kisauni mwenye picha ya daraja la Garissa, usiifute. Ulikwenda harusini, mto ulikuwa umefurika, ukaona inapendeza ukapiga. Weka tu nakala yake mahali pengine, na tarehe yake isiguswe.